Kilichokwama Kwenye Simu ya Mkunga

Simu ya mkunga ilikuwa imelowa kidogo tu. Iliteleza mfukoni ikatumbukia kwenye ndoo ya kufulia, akaiopoa papo hapo. Maji ya kijiko kimoja, labda viwili. Sasa ilikuwa siku ya tatu, na alishamwaga vikombe viwili vilivyojaa.

"Hayo maji yanatoka wapi?" aliuliza wifi yake, aliyekuwa akiishi naye tangu wamzike mume wa mkunga.

"Ningejua, si ningekuwa nimelala?"

Fundi simu alikuwa amemwekea mlio wa kutoa maji, mngurumo mzito unaotikisa spika mpaka matone yaruke nje. "Piga mara mbili tatu, mama, itapona." Mara mbili tatu! Ameupiga mpaka meno yanamuuma. Kila akidhani yamekwisha, mtu akipiga simu anasikia mgugumio tu, kama wa mtu anayezama. Walihamishia laini kwenye simu ya wifi. Nayo ikaanza kutiririka, wakairudisha laini mbio. Na mke wa seremala alikuwa anangoja uchungu saa yoyote, mimba ya kwanza, mtoto hajageuka, kichwa bado kiko juu. Akiita, nani atamsikia?

Mchana ule mkunga akailaza simu kifudifudi juu ya bakuli, akauwasha mlio tena kwa hasira. Harufu ikapanda, harufu ya tope la kisima kilichofukiwa zamani, ikajaa chumba, ikaingia kwenye shuka na kwenye nywele zao, huku maji yakidondoka, tone juu ya tone, meusi na ya baridi, mpaka kioo cha dirisha kikaanza kutetemeka pamoja na bakuli.

"Zima, wifi."

"Nimeshazima."

Ndani ya simu kitu kilikuwa bado kinalia.

"Usisukume," sauti ikasema, nyembamba, imejaa maji. "Unaniumiza. Nimekwama."

Wifi alirudi kinyumenyume hadi mlangoni, midomo ikisali bila sauti. Mkunga naye aliogopa, lakini siku tatu za kukesha zilimchemka kifuani mpaka hofu ikakosa pa kukaa.

"Umekwama? Unanitoa roho siku zote hizi, kumbe umekwama?"

Miaka thelathini alikuwa akizalisha. Mtoto akikaa vibaya husukumi tu, unamgeuza. Akaishika simu kwa mikono miwili, akailaza ubavu, akauwasha mlio kwa sauti ya chini kabisa, akaikanda kwa kidole gumba, taratibu, akiisogeza kidogo kidogo.

"Wifi, acha!" mwenzake alinong'ona. "Hujui unazalisha nini!"

"Najua kikibaki humu, mtoto wa watu atakufa."

Bakuli likafurika. Kitu cha baridi, chenye utelezi, kikapita katikati ya viganja vyake. Hakukiona. Alihisi uzito wake tu, uzito wa kichanga, kisha mikono ikabaki mitupu.

Simu ikaita, safi kama kengele.

"Mama, uchungu umeanza!" Alikuwa seremala. "Miguu ndiyo inatangulia!"

"Nakuja!" Akanyakua mkoba wake, akatoka uani juani, simu sikioni. Hatua sita, saba. Wifi alibaki kizingitini, macho yamemtoka, akitazama nyuma ya visigino vya mkunga.

"Usigeuke," alisema kwa sauti iliyokauka.

Mkunga aligeuka. Juu ya saruji kavu, nyayo ndogo za maji zilikuwa zimemfuata, moja baada ya nyingine, hadi miguuni pake. Akapiga hatua. Nyayo mbili zikaongezeka. Akasimama, nazo zikasimama.

"Nenda zako," akanong'ona. "Nimeshakutoa, nenda."

Vidole vya baridi vikamkamata kidole chake cha mwisho, vikakaza, kama wanavyokaza vichanga wote saa ya kwanza.

"Mama!" seremala alikuwa akilia simuni. "Njoo hivyo hivyo ulivyo!"

Mkunga aliutazama mkono wake. Kisha akaanza kukimbia, na nyuma yake saruji ikawa inalowa.