Karabai ya Mama Bathsheba

Kila asubuhi Omanga hunywa chai, husikiliza redio, halafu hutafuta mtu wa kusahihisha. Alifundisha shule ya msingi hapa Uriri miaka thelathini na mitano. Kalamu nyekundu aliiacha shuleni, lakini tabia akaja nayo nyumbani.

Aliyesahihishwa zaidi ni mama yake, Bathsheba. Miaka minne iliyopita, daktari alimwambia mama huyo kwamba macho yake yatafifia polepole mpaka yafunge kabisa. Bathsheba hakulia. Aliomba kitu kimoja tu: karabai yake iwashwe, aione nyumba yake tena kwa mwanga ule kabla ya giza.

Karabai ni taa ya mafuta inayopigwa pampu. Omanga aliipiga pampu mara kumi. Mkono wa pampu uliingia na kutoka bila uzito wowote. Akasema taa imekufa, na tena stima ipo.

"Baba yako alinioa taa hii ikiwa ndani ya nyumba," Bathsheba alisema. "Haiwezi kufa hivyo."

"Mama, umeanza kusahau. Hii ilinunuliwa nikiwa darasa la nne. Naikumbuka ikiwa mpya."

Tangu siku hiyo, kila mara Bathsheba alipokumbuka jambo, watu wa nyumbani walitazamana. Mwishowe akaacha kusimulia. Taa ikawekwa stoo. Mwaka jana macho yakafunga.

Mwezi uliopita Dolphine, mke wa Omanga, aliitoa taa stoo. Alitaka kuisugua kwa mchanga na majivu kama sufuria, aiweke sebuleni iwe pambo. Kwa bahati, Metrine alikuwa amekuja kutengeneza jiko. Metrine ni fundi sokoni Migori. Baba yake alitengeneza karabai za wavuvi wa Karungu.

"Usisugue na mchanga," Metrine akamwambia. "Utaufuta umri wake."

Alilipangusa tangi kwa kitambaa laini. Jina la kiwanda likaonekana. Akaigeuza taa. Chini kulikuwa na nambari mbili ndogo: 6 na 64. Alieleza kwamba kila kiwanda kilikuwa na alama zake, na taa nyingine hazina alama yoyote. Kiwanda hiki kiligonga mwezi na mwaka. Taa hii ilitengenezwa Juni 1964.

Omanga alizaliwa 1967. Alisogea akaisoma ile 64 mwenyewe.

Metrine akafungua pampu, akatoa kipande cha ngozi, kikavu na kigumu. Akakipaka mafuta na kukikanda kwa vidole mpaka kikalainika.

"Shida ni hii tu, mwalimu. Ngozi ikikauka, upepo hauingii kwa tangi."

"Tone moja la mafuta tu?"

"Tone mbili," Metrine akasema.

Kisha akawafundisha. Karabai huwashwa mahali penye hewa. Hutiwa mafuta ya taa safi, kamwe si petroli, kwa sababu petroli hulipuka. Tangi lisijae; robo ibaki tupu kwa ajili ya upepo. Likivuja, usiwashe. Alifunga kile kisoksi cheupe kinachotoa mwanga, akakichoma kwanza kikawa jivu. Alitia spiriti kwenye kikombe kidogo cha taa na kuiwasha, ili bomba lipate moto. Spiriti ilipokaribia kuisha, akafunga skrubu ya upepo na kupiga pampu taratibu. Kuzima ni kufungua skrubu hiyo, upepo utoke. Usiongeze mafuta taa ikiwa na moto.

Jioni ilikuwa imeingia. Taa ikaanza kuvuma. Bathsheba, aliyekuwa ameketi uani, akainua uso.

"Imeamka," akasema. "Mwanga unafika wapi?"

"Mpaka mlango wa jikoni, Mama," Omanga akajibu.

"Ndiyo. Ulikuwa unafika hapo." Akamgeukia Omanga. "Ulipokuwa darasa la nne tulinunua glasi mpya ya taa hii. Ile ya kwanza uliivunja wewe."

Dolphine alicheka. Omanga alitaka kucheka, akashindwa.

"Nisamehe, Mama. Ungeuona mwanga huu."

"Ningeuona," Bathsheba akajibu.

Siku hizi Omanga huipaka mafuta ile ngozi kila mwezi. Jumamosi jioni, Sabato ikiisha, huwasha karabai na kuketi karibu na mama yake. Bathsheba ameanza kusimulia tena, na mwanawe husikiliza mpaka mwisho. Lakini kwanza mama huuliza mwanga unafika wapi, na Omanga humwambia.