Maji Katika Tumbo la Chura

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumatatu, Chura alipiga yowe.

Chura lilikuwa trekta dogo la kijani la ushirika wa wakuza miche. Ndoo yake ya mbele, imejaa udongo, ilipanda hadi usawa wa goti, ikatetemeka, ikagoma. Pampu ikalia kwa sauti ya kukereketa meno. Dereva akazima injini hapohapo.

Bi Spana, fundi wa karakana, alitoka mbio na kikombe chake cha chai. Akachomoa kijiti cha kupimia mafuta nyuma ya kiti, akakitazama, kisha akatazama kikombe. Rangi ilikuwa ileile.

"Haya," alisema. "Leo tuna chai ya maziwa sehemu mbili."

Hakuna aliyecheka. Mafuta ya haidroliki yakipauka namna ile, mara nyingi yameingia maji. Na kwa trekta dogo kama Chura, mafuta hayohayo ndiyo yanayonyanyua ndoo, ndiyo yanayolainisha giaboksi, ndiyo yanayopoza breki. Yakiharibika, hakuna kiungo kinachosalimika. Tena dereva mwenyewe alikuwa mkwe wa Bi Spana, mume wa binti yake wa pekee.

Saa mbili kasorobo alifika mwenyekiti wa ushirika, mtu mfupi mwenye sauti ndefu. Nyuma yake alikuja mtunza stoo, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata.

"Jumamosi saa kumi jioni nilimwona dereva huyu kwa macho yangu," mtunza stoo alisema kwa huzuni. "Anaosha trekta kwa mpira wa presha, ameuelekeza kwenye kifuniko cha mafuta. Nikasema moyoni, huyu ataliua."

"Moyoni," alisema Bi Spana. "Mdomo ulikuwa na kazi nyingine?"

"Mimi si mtu wa kuingilia kazi za watu, Bi Spana. Ila nitasaidia. Pipa jipya la mafuta lipo stoo. Mmwage haya, mjaze, mmwage tena, mjaze tena, mpaka tumbo lisafike. Litumieni lote, sina choyo."

"Kwa nini tusitie ya injini tu?" aliuliza mwenyekiti. "Mafuta si mafuta?"

"Mwenyekiti, wewe ukiishiwa dawa ya macho utatia ya kikohozi? Breki za hili zinaogelea ndani ya mafuta. Ukitia yasiyo yake, siku ya mteremko utafika chini kabla ya salamu zako."

Mwenyekiti hakupenda kuchekwa. Alitangaza kuwa kamati itakaa saa sita kamili. Ikithibitika ni uzembe, dereva atarudisha funguo za trekta, na za nyumba pia, kwa sababu nyumba ilikuwa ya ushirika. Bi Spana akapiga picha kichwani: ikifika jioni, binti, mkwe, godoro na masufuria vyote viko mlangoni kwake. Alikuwa na chumba kimoja na nusu. Nusu yenyewe ilikuwa na cherehani.

Saa mbili kamili alichota mafuta ya Chura kwenye chupa ya kioo, akaiweka dirishani. Kisha akamkalisha mkwewe juu ya tairi kuukuu.

"Mwanangu, leo sahau kwamba mimi ni mkweo. Umeosha trekta?"

"Nimeosha, Mama."

"Kwa presha?"

"Magurudumu tu. Kwenye kifuniko nilifunga kitambaa na mfuko wa plastiki, kama ulivyonifundisha."

"Uliongeza mafuta?"

"Sijathubutu. Tangu ulipobadilisha Jumatano iliyopita, sijagusa hata tone. Mama, wallahi, nikiguswa na hili…"

"Usiape, unanichanganya hesabu."

Hesabu yenyewe ilikuwa fupi. Jumatano alijaza mafuta mapya kutoka ndoo zilizofungwa, hadi kwenye alama, bila kuzidisha. Leo, trekta likiwa limesimama palepale kwenye sakafu ileile, kijiti kilisoma vidole viwili juu ya alama. Mpira wa presha ungeweza kupenyeza maji kikombe kimoja. Hapa palikuwa na kitu cha lita tano. Hiki kilimiminwa, tena baada ya kazi ya Jumamosi kwisha.

Nani alikuwa na ufunguo wa karakana Jumapili? Mlinzi wa lango. Tena mlinzi na dereva walikuwa hawasalimiani tangu Chura lilipokanyaga baiskeli ya mlinzi. Saa mbili na nusu Bi Spana alikuwa langoni.

"Kamanda," alisema, maana ndivyo walivyomwita, "ungepata nafasi ya kumkomoa mkwe wangu, ungeiacha?"

"Nisingeiacha," alijibu Kamanda bila aibu. Akainua mkono wa kulia uliofungwa plasta kuanzia vidole hadi kwenye kiwiko. "Lakini tangu baiskeli ile, hata shati navalishwa na mke wangu. Nitapandaje juu ya trekta na dumu?"

"Nani kakwambia habari ya dumu?"

"Si wewe umepita hapa unajisemea kwa sauti? 'Lita tano, dumu zima.' Mpaka mbwa kasikia."

Bi Spana akacheka hadi akashika nguzo ya lango. Ilikuwa kweli.

"Na Jumapili nani alipita hapa?"

"Mtunza stoo peke yake. Saa nne asubuhi, kafuata miwani aliyosahau. Akaazima ufunguo wa karakana, eti labda kaiacha huko."

"Akaipata?"

"Alikuja ameivaa, akaondoka ameivaa."

Saa tatu chupa ya dirishani ilikuwa bado imepauka. Ingekuwa povu la hewa, lingekuwa limekwisha kupanda na mafuta kung'aa. Basi ni maji. Chini kabisa ya chupa palikuwa na chembe nyekundu. Bi Spana alizisugua kwa vidole: kutu. Lakini maji ya kuoshea yalitoka kwenye tangi la plastiki kupitia mpira wa plastiki. Na siku ya Jumatano tumbo la Chura alilisafisha mwenyewe, halikuwa na kutu. Maji haya yalikuwa yamekaa juu ya chuma kwanza.

Akaenda stoo. Pipa la lita sitini lilikuwa limelazwa ubavu juu ya magogo, vifuniko vyake viwili vimekaa usawa mmoja, kama inavyotakiwa. Namba ya mafuta ililingana na kitabu cha Chura.

"Limelala hapa tangu lini?" aliuliza.

"Tangu lilipoletwa, wiki tatu," alisema mtunza stoo. "Halijaguswa wala kufunguliwa."

Bi Spana aliinama kulitazama uso. Kulikuwa na duara la kutu na matope kuzunguka kifuniko kikubwa, kama alama ya kisahani. Maji hayatuami juu ya pipa lililolala. Kando ya pipa lilisimama kabati jipya la nguo lenye kioo kirefu, nusu yake bado mbao tupu, na sakafu yote ilikuwa na vumbi la randa.

"Hili?"

"Kabati la ofisi."

"Ofisi yenye kioo cha kujitazamia mpaka miguuni! Hongera."

Alipitia nyuma ya stoo. Chini ya mfereji wa paa uliotoboka, kwenye udongo, palikuwa na duara la kutu lenye upana wa pipa. Tangu Alhamisi mvua na jua vilikuwa vikipokezana.

Saa sita kamili kamati ilikuta jiko la mkaa katikati ya karakana, na juu yake kikaango.

"Tunapikiwa?" aliuliza mwenyekiti.

"Mtashiba," alisema Bi Spana. Alidondosha tone la mafuta yaliyosalia kwenye ndoo ya Jumatano. Likatandazika kimya. Akadondosha la Chura. Likapasuka, *ta-ta-ta*, kikaango kikarusha mafuta.

"Maji ya kuoshea," alisema mtunza stoo. "Nilisema."

"Sasa tone la pipa lako ambalo halijafunguliwa." Aliagiza pipa liletwe, akaweka ukucha chini ya lakiri ya bati iliyoziba kifuniko. Ikabanduka yote kwa mkupuo, na chini yake ulitoka utando mweupe. Akaunusa, akampa mwenyekiti. "Gundi ya mbao. Kiwandani wanabana lakiri kwa mashine. Fundi wa kabati ndiye anayeigandisha kwa gundi."

Akadondosha tone. Likapasuka kwa kishindo kuliko la Chura. Mjumbe mmoja akaruka nyuma.

"Jua linalipasha pipa joto, mafuta yanavimba," alisema Bi Spana taratibu. "Mvua inalipoza, yananywea na kuvuta maji yaliyotuama juu ya kifuniko, pamoja na kutu. Pipa likisimama nje hunywa lenyewe. Ulilitoa nje upate nafasi ya kabati. Ulipogundua limeharibika, ulilitafutia kosa lako mtu wa kulibeba. Jumapili saa nne ukamimina lita tano ndani ya Chura, miwani ikiwa usoni. Kisha asubuhi ukatushauri tujaze na kumwaga, tujaze na kumwaga, mpaka pipa zima liishie humo, na kila Chura likiugua tuseme ni maji ya dereva."

Mtunza stoo alitazama shati lake kana kwamba mikunjo ingemjibia.

"Binti yangu anaolewa," alisema hatimaye. "Nilitaka aende na kabati. Jumamosi nilifungua kifuniko nikaona yamepauka. Nikaogopa kazi yangu."

"Ukaona ya kijana huyu ni nyepesi zaidi," alisema mwenyekiti, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa fupi. "Weka funguo za stoo mezani."

Zikawekwa. Kisha mwenyekiti akamgeukia dereva. "Kijana, nakuomba radhi mbele ya hawa wote."

"Na mshukuruni pia," alisema Bi Spana. "Angeng'ang'aniza nusu dakika tu, pampu ingekufa. Alizima iliposhtuka."

Wakamwaga, wakasuuza, wakabadilisha chujio, wakajaza kutoka ndoo zilizofungwa. Saa kumi kasorobo dereva aliwasha. Ndoo ikachota udongo, ikapanda kimya, laini, hadi juu ya vichwa vya kamati. Kamanda akapiga makofi kwa kupiga paja. Mkwe, machozi yakimlengalenga, akaruka chini kuja kumpa mkono mama mkwe wake.

"Rudi juu wewe!" Bi Spana alipiga kelele, huku akicheka. "Shusha ndoo kwanza, ndipo ulie!"