Kisigino cha Rwamba
Pikapu iliteleza saa nne asubuhi, katikati ya msitu wa Mlima Kenya, mvua ikinyesha bila huruma. Maporomoko ya ardhi yalikuwa yamefunga barabara kuu ya kwenda Meru, naye Mwenda dereva akaingia njia ya wakata miti akijisifu kwamba anaijua vizuri. Wapi! Gurudumu la mbele lilizama mtaroni, chuma kikalia ta!, gari likainama upande.

"Anko, ekseli imeenda," Mwenda alisema akitoa kichwa chini ya gari. "Na netiwaki hakuna."

Nyuma yao, mto waliouvuka muda mfupi uliopita ulikuwa umemeza kivuko. Mwenda akajifunika gunia, akaahidi kurudi na watu kabla ya jioni, akashika njia mbele. Wakabaki wawili: mjomba wake Rwamba, mkulima wa kahawa kutoka Kanja, na Kathambi, binti wa Rwamba, mwalimu huko Meru.

Wawili na kidonda. Kilikuwa kidonda ndugu hasa, miezi minane kisiginoni mwa Rwamba kwa sababu ya ugonjwa wa sukari, shimo la kuingia ncha ya kidole gumba. Daktari wa Meru alikuwa amemwambia Rwamba bila kumumunya maneno: Alhamisi akikuta nyama nyekundu chini ya shimo, mguu unabaki. Akikuta nyama iliyokufa, anakata. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Rwamba hakujua kutulia. Hata kanisani alikuwa akitoka mara tatu kuchungulia mawingu. Sasa alilazimika kukaa nyuma ya pikapu chini ya turubali, mguu juu ya gunia, na kila dakika kumi aliuliza saa. Jioni ikafika, Mwenda hakutokea.

Jumatano asubuhi Kathambi alichemsha maji, akayaacha yapoe, akaosha kidonda. Kisha akakamua jeli ya hospitali kutoka kwenye tyubu mpaka shimo likakaribia kujaa, akafunga bandeji.

"Mbona inakaa maji maji hivyo?" Rwamba aliuliza.

"Ndiyo kazi yake, Baba. Nyama mpya haioti mahali pakavu. Usiguse hiyo kitu, na usikanyage chini."

Akachukua mtungi, akateremka kijitoni.

Rwamba akabaki na moto na mawazo yake. Kwa miaka arobaini alikuwa ameanika kahawa, na alijua kitu kikiachwa na maji huoza. Akafungua bandeji. Ndani aliona ute wa manjano unaoteleza. Usaha! Mtoto anafuga usaha mguuni mwangu, akawaza. Akapangusa wote kwa pindo la shati, akainama ukingoni mwa gari, akachota majivu yaliyopoa, akashindilia shimo hadi juu. Alipomaliza kufunga alijiona daktari kamili.

Ndipo aliposikia mti ukivunjika upande wa kijito. Kathambi akapiga kelele mara moja tu, kisha kimya.

"Kathambi! Wee Kathambi!"

Hakujibiwa. Rwamba aliruka chini, akashika tawi la kujikongojea, akaenda. Kila hatua majivu yalimsaga nyama. Alihesabu hatua thelathini, akaanguka kifudifudi kwenye tope.

Kathambi alimkuta hapo. Alikuwa amejibana nyuma ya mti mnene, pumzi ameibana, mpaka ndovu watatu walipomaliza kunywa na kuondoka. Mtungi alikuwa nao bado.

"Ndovu wako hapa karibu na wewe unatembea? Ebu nione hiyo mguu."

Alimkokota hadi kwenye gari, akafungua bandeji. Ikatoka damu na uji wa kijivu.

"Baba, hii ni nini?"

"Nilikuwa nakausha," Rwamba alisema kwa sauti ndogo.

Kathambi alichochea moto tu. Afadhali angemfokea. Alichemsha yale maji yaliyokaribia kumtoa roho, akaosha na kuosha mpaka yakabaki ya kunywa tu. Jeli nayo ilikuwa imebaki kidogo. Aliikunja tyubu toka mkiani, akaikamua mpaka tone la mwisho. Ilifunika sehemu ya chini tu.

"Imeisha. Sasa imebaki wewe kukaa."

Na Rwamba akakaa. Mvua ilipenya turubali, siafu wakapanda shingoni, ndovu wakanguruma tena jirani, na moyo wake ukamrukaruka kifuani kama panzi kwenye chupa. Mguu hakuusogeza.

Alhamisi karibu saa sita Mwenda alifika na wanaume sita na machela ya miti na magunia. Mto wa mbele nao ulikuwa umemzuia, ikabidi auzunguke. Walimbeba Rwamba kwa saa tatu hadi barabara kuu, iliyokuwa imeshafunguliwa, wakapata gari la kwenda Meru.

Kliniki ilikuwa inafungwa. Daktari alivaa tena koti lake, akafungua bandeji, akainama.

"Nani aliweka majivu hapa?"

"Ni mimi," Kathambi alisema haraka.

Rwamba aliona aibu kuliko siku yoyote maishani mwake. "Anadanganya, daktari. Ni mimi. Yeye alinikataza."

Daktari alisafisha, akapima kina cha shimo, akamulika tochi, akamulika tena. Rwamba alishika kingo za kitanda kwa mikono miwili.

"Pembeni umeharibu, mzee. Lakini huku chini ni nyekundu. Mguu unabaki."

Rwamba, mzee wa kanisa ambaye hajawahi kumwomba mtoto msamaha, aliushika mkono wa binti yake mbele ya manesi wote.

"Nisamehe, mwanangu."

Kathambi akaubana mkono huo, akalia.