Vanishi Haijakauka

Jumamosi, saa moja na dakika ishirini asubuhi, fundi Anania alifungua kabati jipya alilolitengeneza kwa mbao za Mafinga, akalikuta tupu. Diski haikuwepo.

Saa mbili kasoro, Veneranda Kalinga alikuwa akipanda ngazi za duka la vitambaa la mzee Girish, Mwanjelwa, na magoti yake yakimlaumu kila ngazi. Alikuwa sajini wa polisi Iringa miaka ishirini na sita, na alistaafu sajini vilevile kwa sababu aliwahi kumwambia mkubwa wake ukweli mbele za watu. Siku hizi aliwafundisha vijana wa ghorofani jinsi mtuhumiwa anavyohojiwa. Walikuwa wakitengeneza gemu, Loleza 2090: Mbeya ya roboti na taa za rangi, na mpelelezi asiye na bunduki wala ngumi. Ana maswali tu.

"Shangazi, tumekwisha," Nisha, mwenye kampuni, alimpokea mlangoni. "Sura ya mwisho ya gemu ilikuwa kwenye ile diski niliyoiweka kabatini jana usiku. Saa nane wageni wa Iringa wanakuja kuicheza. Bila mwisho hawasaini mkataba, na miaka yetu mitatu ndiyo basi tena."

"Nakala?"

"Nilikataza nakala. Niliogopa wezi."

"Umewarahisishia kweli." Veneranda akajitupa kitini. "Chai ipo?"

"Maji yenyewe hayatoki tangu jana jioni, jengo zima. Shangazi, mshike Anania! Jana nilimwachia ufunguo wangu wa ofisi aje mapema kufunga kitasa cha kabati. Wengine wenye funguo ni Brayson na mdogo wangu Darshan, na hao waliondoka saa kumi na moja, kabati hata halijapandishwa."

Veneranda akalitazama kabati. Mlango uling'aa kama umelambwa. Karibu na ukingo palikuwa na alama ya kiganja kizima, vidole vitano vimeburuzwa.

"Kamwene, mama," Anania alimsalimu kwa Kihehe, mkono wa kushoto ukiushika wa kulia kwa heshima. Kucha zake zilikuwa za kahawia.

"Kamwene, mwanangu. Vanishi hii umepaka lini?"

"Jana saa kumi na mbili, dada Nisha akiniona. Kwa baridi hii ya Mbeya haikauki mpaka kesho. Nikaacha kamba hapa chini ya kuvutia mlango, mtu asiguse mbao."

"Na kiganja hiki?"

"Ndicho kinachoniuma! Mama, mimi nishike vanishi yangu mbichi? Si bora nikanyage ugali wangu mwenyewe?"

"Lakini mikono yako imejaa vanishi."

"Ya wiki nzima hiyo. Haitoki kwa sabuni, mpaka mafuta ya taa."

Saa mbili na robo aliingia Brayson, mwandishi wa programu, kitumbua mdomoni. Alhamisi aligombana na Nisha akaapa kuacha kazi.

"Shikamoo, afande," alisema, akampa mkono mzima.

"Marahaba. Umenipaka mafuta ya vitumbua, na kitumbua chenyewe hukunipa." Akakigeuza kiganja kile taratibu. Mafuta tupu. "Kuacha kazi kumeishia wapi?"

"Afande, mimi naacha kazi kila Alhamisi. Jana jioni nilikuwa kwaya, ukitaka uliza usharika mzima."

Darshan, mtunzi wa hadithi ya gemu, alifika saa tatu kasoro. Alikunja ngumi akampa Veneranda kifundo cha mkono, kama afanyavyo mtu mwenye mikono mibichi.

"Shikamoo, shangazi. Samahani, nimetoka kunawa hapo chini."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Akawaketisha wote wanne mbele ya kabati.

"Anania alijua vanishi ni mbichi. Nisha alijua. Aliyeshika mbao hakujua, kwa hiyo ni mmoja wa walioondoka mapema, akarudi na ufunguo wake. Brayson kanipa kiganja. Darshan, wewe umenipa kifundo."

"Nimekwambia nilinawa!"

"Kwa maji gani?"

Brayson aliacha kutafuna.

"Fungua mkono, Darshan."

Akaufungua. Kiganja kilikuwa cha kahawia, kimesuguliwa mpaka kimevimba.

"Nilimsikia dada kwenye simu," alisema. "Wa Iringa wanataka mwishoni iwekwe bunduki, ati vijana wataipenda zaidi. Naye akasema sawa! Miaka mitatu naandika mtu anayeshinda kwa kusikiliza, halafu mwishoni apige mtu risasi?"

"Si ungeniambia?"

"Nilikuambia mara nne, Nisha. Mara zote simu ilikuwa sikioni."

Nisha alishika simu awaite polisi.

"Iweke chini," Veneranda alisema. "Wewe ulitaka Anania ashikwe kabla hajaulizwa hata swali moja. Anza na kumwomba radhi. Darshan, diski?"

"Kwenye jora la kitenge, dukani kwa baba."

"Kailete. Wageni wataiona kama ulivyoiandika, halafu ndipo mbishane."

Saa nane kamili Rozalia, mkubwa wa wageni wa Iringa, aliketi mbele ya kompyuta. Dakika arobaini alimhoji roboti aliyetuhumiwa, akakosea, akarudia, akavua miwani akaifuta. Roboti alipokiri, Nisha alikohoa.

"Kuhusu ile bunduki uliyosema..."

"Bunduki gani? Hebu nyamaza, nimeanza upya. Kuna swali nimelikosa."

Mlangoni, Veneranda alinyoosha mkono kuaga. Darshan alisita, kisha akampa kiganja kizima, na vanishi yake yote.

"Mh," alisema sajini, "sasa ndiyo tumesalimiana."