Andika Chakavu

Mkoa wa Manyara ulipokuwa bado mchanga, Babati ilijaa wageni wenye mafaili na viatu vinavyong'aa. Mmoja wao, Shomari, mchora ramani za mji, aliruka mtaro pale sokoni, suruali ikapasuka mbele ya cherehani ya Salme.

"Kaka, suruali imeaga dunia!" Salme aliangua kicheko ndani ya gauni lake la kitenge cha manjano. "Jifunge khanga hii, nikushonee."

"Nikinogewa nayo je?"

"Utailipia mahari."

Haikupita miezi mitatu, Mzee Salum, baba yake Salme, akaikubali barua ya posa. Nyumba yao ya udongo ilikuwa nyuma ya soko, kongwe kuliko mkoa wenyewe.

Jioni moja Shomari alipiga simu. "Mpenzi, kila mtaa lazima niuandikie hali yake. Wenu niuite mtaa wa zamani, au eneo chakavu?"

"Lipi litaleta maji ya bomba haraka?"

"Nadhani lile baya."

"Basi andika chakavu, mume wangu! Andika hata jalala, mradi nisibebe ndoo siku ya harusi."

Wakacheka, wajinga wa mapenzi hao. Mdomo uliponza kichwa.

Maji hayakuja. Ilikuja masika, ukuta wa chumba cha mzee ukalala chini. Akaenda kuomba kibali aujenge kabla ya harusi, akarudi amekunja uso.

"Eneo chakavu haliruhusiwi kukarabatiwa. Linasubiri kubomolewa," alisema. "Nimelea watoto sita humu. Nani katuita chakavu?"

Salme alimjua. Akainuka, akaanza kuzoa udongo wa ukuta.

Shomari aliitwa. Alikuja na shati jeupe lililonyooshwa, akaketi mkekani.

"Shikamoo, baba."

Mzee hakuitikia. "Ni wewe uliyeandika?"

"Ni mimi, baba. Nilitaka mpate maji mapema."

"Nani alikushauri?"

Shomari akamtazama Salme. Salme akainamisha kichwa, akavuta uzi kwenye ukingo wa khanga yake.

"Hakuna, baba. Ni akili yangu mwenyewe."

Mzee Salum akaitoa barua ya posa chini ya mto, akamrudishia.

Wiki mbili baadaye simu ililia. "Salme, nimewabembeleza ofisini, wamelibadilisha lile jina. Sasa ni eneo la uboreshaji."

"Na kibali cha baba?"

"Bado hawatoi."

"Shomari, siku ile kwa nini hukusema kuwa ni mimi?"

"Ni baba yako. Mimi nimeomba uhamisho, wewe unabaki naye."

"Nitamwambia mwenyewe. Leo hii hii."

"Ukimwambia nipigie. Nitarudi na barua ile ile."

Salme akapangusa macho, akampelekea baba yake chai. Mzee alikuwa akikohoa. Upepo wa usiku kucha ulikuwa umeingia kupitia turubai walilotundika mahali pa ukuta.

"Yule kijana amepiga tena?" aliuliza.

"Amepiga, baba."

"Anasemaje?"

"Hana jipya," Salme akajibu, akamkorogea sukari.