Jibu la Subedar Umed

Foleni ya duka la vitamu katikati ya soko la Almora, mji wa milimani, ilikuwa imefika mpaka njiani. Msimu wa harusi ulikuwa umeanza, na kila mtu alitaka kuhudumiwa wa kwanza. Hansa alikuwa amevaa sweta ya kijani na shela nyeupe ya sufu, nywele kazisuka msuko mmoja mnene uliomshukia mgongoni. Alijipenyeza kwa viwiko hadi mbele, penye mvuke wa maziwa yaliyokuwa yakichemka kwenye karai.

"Nipe kashata za maziwa, hizi za kahawia zenye vipunje vya sukari," alimwambia muuzaji. "Za kuwatosha watu wa msiba wa Subedar Umed. Kesho ndiyo siku ya kumi na tatu, tunafunga msiba."

"Usimpe hizo," sauti ya kiume ilisema nyuma yake. "Subedar hakuzipenda. Alikuwa anazila kwa adabu tu."

Hansa hakuwa na haja ya kugeuka kujua ni nani. Moyo ulimruka, kisha ukamjaa hasira kwa kuruka bila ruhusa.

"Kundan," alisema, macho yake yakiwa bado kwa muuzaji. "Kumbe bado unaijua njia ya Almora."

"Nimefika na basi la asubuhi."

"Basi panga foleni kama wenzio waliofika na basi la asubuhi."

Watu walicheka. Kundan naye alicheka, meno yake meupe yakionekana chini ya masharubu aliyoyafuga huko mjini Haldwani, alikohamia. Alikuwa amevaa jaketi jipya la ngozi na skafu nyekundu, na alikuwa amekonda.

"Alipenda zile za maziwa ya kugandishwa, zinazofungwa kwenye jani," alisema.

"Kwangu alikula kashata kila Jumapili."

"Kwa sababu baba yako ndiye aliyemkaribisha! Ulitaka aziteme?"

"Kaka na dada," muuzaji alidakia, "marehemu alikula vyote, namjua. Niwafungie nusu kwa nusu, mkagombane nje?"

Walitoka kila mmoja na boksi lake. Hansa alitaka kuuliza, kwa nini uliondoka? Badala yake alisema, "Mjane wa Subedar, Mama Bhagirathi, anataka tupige muziki kesho, mimi na wewe. Usichelewe." Akaondoka haraka, msuko ukimpiga mgongoni.

Subedar Umed Singh alikuwa askari ujana wake wote; Subedar kilikuwa cheo chake jeshini. Alipostaafu alirudi Almora na zumari lake la mfuko, lile alilolipuliza kwenye magwaride ya kikosi, akajiunga na bendi ya harusi ya mjini. Medali alizivaa juu ya koti jekundu la bendi, na aliwapanga wapiga muziki mstari mmoja ulionyooka hata kama harusi ilikuwa kwenye uchochoro. Hadithi za vita hakuwa nazo. Ukimwuliza habari za milima ya theluji, alikusimulia habari za mpishi wao aliyeunguza dengu.

Yeye ndiye aliyemfundisha Hansa kupuliza zumari, msichana wa kwanza katika bendi ile, na waliocheka aliwatazama tu mpaka wakanyamaza. Yeye ndiye aliyemweka Kundan kwenye ngoma kubwa, pembeni mwa Hansa. Wawili wale walianza kwa kutaniana juu ya nani kaharibu mdundo. Baadaye ikawa simu kila jioni. Mwisho wake, ikawa hata kwenye harusi za watu wengine wao walikuwa wanatazamana tu.

Tatizo lilijulikana na kila mtu, wala halikutajwa. Hansa alikuwa binti wa Mzee Dungar, muuza sufu, ukoo unaojiita wa wapiganaji. Kundan alikuwa mtoto wa wapiga ngoma, watu ambao katika milima ile waliitwa kila harusi na hawakukaribishwa ndani ya nyumba yoyote. Majira ya kuchipua, Kundan alifungasha nguo zake, akahamia bendi ya Haldwani bila kumuaga Hansa.

Jioni ile simu ya Hansa iliita.

"Tutapiga wimbo gani?" Kundan aliuliza.

"Hujambo na wewe."

"Sijambo. Wimbo gani?"

"Ule wa kumpokea bwana harusi mlangoni. Mama Bhagirathi anasema marehemu aliupenda kuliko wa gwaride."

Hansa alisikia mtu akiosha vyombo upande wa pili wa simu.

"Kundan, uko?"

"Niko."

"Nilikukosea nini mimi?"

"Hukunikosea."

"Basi nani? Mtu haondoki hivi hivi kama moshi. Nilikupigia mpaka vidole vikaota sugu!"

"Hansa, mwenye jibu amekufa. Simsemi vibaya mtu aliyekufa, tena yule. Alikuwa kama baba yangu."

"Subedar? Subedar alikufanya nini?"

"Tuonane kesho, mpenzi," alisema, na lile neno la mwisho likawashtua wote wawili. Akakata simu.

Hansa alibaki amekaa kitandani. Alikumbuka harusi moja ambako mwenyeji aliwatengea wapiga ngoma chakula uani, karibu na ng'ombe. Subedar alikuwa ameshakaribishwa ndani, kwenye zulia. Aliinuka na sahani yake ya majani, akatoka na medali zake zote, akaketi chini baina ya Kundan na babake Kundan, akaomba aongezewe achari. Bendi nzima ilimfuata. Mtu wa namna hiyo angemkosea Kundan nini?

Kesho yake ua wa marehemu ulijaa watu. Kuhani alimaliza ibada, wali na dengu vikapakuliwa, na watu wakaanza kumkumbuka kwa sauti. Askari mwenzake, mzee wa jicho moja, alisema Umed alimbeba mgongoni kwenye theluji tangu mapambazuko, na njia nzima akawa anamtukana kwa uzito wake. "Alisema, 'Ukifa nakutupa, kwa hiyo usife!' Ningethubutu kufa?" Watu walicheka wakifuta machozi. Kinyozi wa jirani akasema marehemu hakuwahi kukubali kunyolewa kabla ya zamu yake. Fundi wa koti la bendi akasema kila mwaka aliletewa koti lilelile, lipunguzwe kiunoni.

Mama Bhagirathi, mjane, aliyevaa sari nyeupe isiyo na pindo, aliinua mkono. "Msiba umefungwa," alisema. "Watoto, pigeni."

Hansa alikumbatia mfuko wa zumari la Subedar kwa kwapa, akapuliza. Sauti ya kwanza ilitoka kali na ya kukwaruza, kisha ikatulia. Kundan aliingia na ngoma palepale panapotakiwa. Hawakuwa wamefanya mazoezi tangu majira ya kuchipua, lakini mikono yake ilijua pumzi ya Hansa inakoishia. Wazee walitikisa vichwa. Yule wa jicho moja alisimama wima, mkono kwenye paji la uso.

Wimbo ulipokwisha, Kundan alivua ukanda wa ngoma na kuelekea mlangoni. Mama Bhagirathi alimdaka mkono.

"Unakimbilia wapi? Mara ya mwisho ulikimbia hivihivi, na mume wangu akakutafuta stendi nzima."

"Alinitafuta mimi?"

"Wewe. Mlikuwa mnatoka harusini kwa gari la bendi, ukamwomba akupelekee posa kwa Mzee Dungar. Akakujibu nini?"

Hansa alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka hapo, zumari mkononi. Kundan aliinamisha uso.

"Alisema, 'Haiwezekani.'"

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nikashuka kwenye gari, Mama. Ningengoja nini? Nilijua. Kula na sisi alikula, lakini kutuozesha..." Hakumaliza.

"Ungengoja amalize kusema, mpumbavu wee!" Mama alimtikisa mkono, machozi yakimtiririka huku akitabasamu. "Haiwezekani *yeye* kukubeba. Aliniambia mwenyewe, hapa hapa barazani: 'Nikimpeleka mimi, watampokea kwa heshima yangu, na siku nikifa watamtoa. Kundan si mzigo wa kubebwa. Aende kwa miguu yake, aingie kwa mlango wa mbele.' Unadhani Jumapili zote zile alikwenda kwa Dungar kula kashata? Alikuwa anataja jina lako mpaka yule mzee akalizoea."

"Mbona hakunipigia?"

"Alikupigia. Hukupokea. Akasema, 'Atarudi akipoa.' Hakujua kwamba yeye ndiye hatakuwepo."

Kundan aliketi kizingitini, akafunika uso kwa skafu nyekundu, akalia kama ambavyo hakulia alipopata habari za kifo. Miezi yote ile alimpenda marehemu na mwiba moyoni, na sasa mwiba ulikuwa unatoka. Hansa aliketi kando yake bila kujali nani anatazama.

"Kwa hiyo ulitaka kunioa, ukawaambia watu wote isipokuwa mimi," alisema.

"Nilimwambia mmoja tu."

"Naye alikuwa sahihi kukukatalia. Posa huanzia kwangu. Haya, sema."

"Hapa? Msibani?"

"Umefungwa, hujasikia?"

Kundan alipangusa pua. "Hansa, nioe... yaani, nikuoe... olewa na mimi."

"Mdundo umeuharibu," Hansa alisema, akicheka na kulia, "lakini nimesikia. Nimekubali. Bado baba."

Waliteremka pamoja mchana uleule, mchana wa jua zuri la baridi, vilele vyeupe vikionekana ng'ambo ya bonde. Kundan alikuwa bado amevaa koti jekundu la bendi alilopigia ngoma. Mzee Dungar alikuwa amerudi kutoka msibani kabla yao na ameketi sebuleni, miguu ndani ya blanketi. Kundan alisimama nje ya mlango wa mbele, pale ambapo baba yake na babu yake walisimama kila walipoitwa.

"Mzee, shikamoo. Nimekuja mwenyewe. Naomba kumwoa Hansa."

Mzee Dungar alivuta blanketi mpaka magotini. Hakuwa mtu mwepesi wa kukubali.

"Ndugu zangu watanisema sana," alisema.

"Najua, Mzee."

"Na mimi nimeshasemwa kwa miaka mingi kwamba binti yangu anapuliza zumari kama askari." Alikohoa. "Jumapili hii sitakuwa na mtu wa kunywa naye chai. Mlango huo unaingiza baridi, kijana. Vua viatu, ingia ndani, ukae hapa."

Kundan alivua viatu, akavuka kizingiti, akaketi kwenye zulia. Hansa alileta chai katika vikombe vya nyumbani, vilevile vya baba yake, akamwekea Kundan cha kwanza.