Tebo na Meza

Kiranja alitoka shule jua likiwa kali, akapitia kwenye chumba cha udobi cha mama yake kama kila siku. Hata nyumbani walimwita Kiranja, maana cheo hicho cha darasani alikipenda kuliko jina lake. Mama alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, miguu imevimba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti yangu. Nimechoka hoi."

Aliyeshika pasi alikuwa msichana wa darasa la Kiranja, yule waliyemwita Mgeni. Yeye na mama yake, ambaye sasa alimsaidia mama Kiranja kufua, walihamia mtaani kutoka nchi jirani kutafuta kazi.

"Leo hukuja shule," Kiranja alisema.

"Sirudi tena," Mgeni alijibu bila kuinua macho. "Afadhali nimsaidie mama. Pasi hainicheki."

Kiranja alijua kicheko hicho kilitoka wapi. Sheria ilikuwa yake mwenyewe: atakayesema neno la kigeni darasani atafagia. Mgeni aliita meza "tebo", kama walivyosema kwao, na kila alipojisahau wenzake waliangua kicheko. Wiki nzima alikuwa amefagia peke yake.

"Nani anakucheka?" Mama aliuliza.

Mgeni angeweza kumtaja, lakini alitandika kola ya shati, akaipiga pasi. Kiranja naye akajikausha.

"Hodi!" Mwalimu wa lugha aliingia kuchukua suruali zake, macho mekundu kwa kusahihisha madaftari. Akamgeukia Mgeni. "Vizuri nimekukuta. Mbona hatukukuona leo?"

Mgeni aliendelea kupiga pasi kola ileile iliyokwisha kunyooka. Kiranja aliona kwamba akizidi kunyamaza, mwenzake ataacha shule kweli.

"Mwalimu, ni mimi," alisema. "Nilimlazimisha kufagia kwa sababu anasema tebo. Nilitaka tutumie maneno yetu wenyewe, kama meza."

Mwalimu alicheka kicheko cha mtu aliyechoka, akakaa juu ya furushi la nguo.

"Meza! Hilo tumelitoa kwa Wareno. Shule ni ya Wajerumani, kitabu cha Waarabu. Kwa sheria yako ningefagia mpaka nistaafu."

"Na mimi kwa sabuni yangu, nayo ya Waarabu," Mama akadakia.

"Lakini si wengine walikuja kututawala?" Kiranja aliuliza.

"Walikuja, tena kwa mabavu, na uchungu wake haujaisha. Wengine walileta bidhaa. Wengine walikuja kutafuta kibarua, kama mama yake huyu. Wote waliacha maneno, na wakaondoka na ya kwetu. Neno safari limefika hadi Ulaya, na sisi wenyewe tulilipata kwa Waarabu."

Kiranja alijisikia vibaya sana. "Nisamehe, shoga yangu," alimwambia Mgeni. "Kesho nafagia mimi."

"Tutaona," Mgeni alijibu, lakini pasi aliiweka chini.

Mama aliinuka kwa taabu, akamshika binti yake bega. "Kuipenda lugha yako si kosa, mwanangu. Kosa ni kuifanya fimbo ya kumchapia mwenzako. Na umefanya vyema kusema kweli."

Asubuhi Kiranja alishika ufagio mbele ya darasa zima. Mgeni alisimama mlangoni, hajaamua kuingia.

"Njoo unisaidie," Kiranja alimwita kwa sauti. "Tuisogeze hii tebo."

Wengine walicheka. Mgeni aliingia, akashika upande wa pili.

"Meza," alisema, akitabasamu. "Inyanyue vizuri."